Samaki wa Jiwe Asiye na Kaburi

Ni kibao chembamba cha jiwe la kijivu linaloelekea kijani, kimechongwa umbo la sato. Mapezi yapo, mkia upo, na jicho ni tundu lililowahi kujazwa ushanga. Ubavuni pamebonyea kidogo, pamelainika kwa kusagiwa, na kwenye vinyweleo vya jiwe kumebaki ukijani. Hiyo ni malakaiti, madini ya shaba, iliyopondwa kwa kokoto ikawa wanja wa macho.

Vibao hivi ni vya Misri ya kabla ya mafarao, kati ya miaka ya 4000 na 3100 KK. Vilichongwa maumbo ya samaki, kobe, ndege, kiboko, hata tembo, kwa jiwe la Wadi Hammamat, huko jangwani kati ya Nile na Bahari ya Shamu. Watu walizikwa navyo. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alipochimba Naqada na jirani zake mwaka 1895, yalifukuliwa makaburi zaidi ya 2000. Miaka michache baadaye, huko Hierakonpolis, kikapatikana kibao cha mfalme Narmer, kimejaa michoro pande zote mbili. Wakusanyaji wa vitu vya kale wakatamani chenye michoro, na wauzaji wakawatafutia.

Hapo ndipo tatizo la kughushi lilipoanza. Kipimo cha kaboni hakisaidii kutambua bandia, maana hupima umri wa kitu kilichowahi kuwa hai, na mwamba huu ulikuwepo mamilioni ya miaka kabla ya mchongaji. Kinachobaki ni hadubini. Tundu lililotobolewa kwa jiwe kutoka pande mbili huwa pana kwenye midomo na jembamba katikati; la keekee ya chuma hunyooka. Mchoro wa kale huwa umekwanguliwa na kuchakaa pamoja na uso wa kibao. Mstari ukikata juu ya mikwaruzo ya matumizi, umechorwa baadaye. Rangi peke yake si ushahidi, kwani malakaiti halisi haimshindi mghushi kuipata.

Kwangu mimi, kibaya kuliko bandia tupu ni kibao halisi kilichoongezewa tembo au mwindaji ili bei ipande. Jiwe ni la kweli, uchakavu ni wa kweli, lakini habari iliyochorwa juu yake ni ya uongo, na mtaalamu akiiamini ataijengea historia nzima.

Ndiyo maana kibao kitupu chenye namba ya kaburi kina thamani kubwa zaidi kwa sayansi. Petrie alipanga makaburi kwa mfuatano akifuatilia mitindo ya vyungu ilivyobadilika, na vibao vikapata nafasi yao humo: maumbo ya wanyama yalirahisishwa kadiri vizazi vilivyopita. Misri ilipiga marufuku biashara ya mambo ya kale mwaka 1983, kwa Sheria namba 117. Basi samaki wa jiwe akitokea mnadani leo, kabla ya kuuliza bei, aulizwe muuzaji: nani alimchimba, kaburi lipi, na alilala karibu na vyungu gani?