Kusoma Msaada Bila Picha: Programu za Maandishi, Matini Yenye Viungo na Kiswahili cha Kivu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna programu ya kompyuta inayoonyesha maandishi matupu inavyoweza kutumiwa kusoma faili za msaada zilizofungamanishwa kwa viungo. Aidha, yanajaribu kuonyesha faida ya zana hiyo kwa mwanafunzi na mwalimu wa Kiswahili walio mbali na maktaba kubwa. Mifano mingi imetolewa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu ulioko katika wilaya ya Mwenga, kusini-magharibi ya Bukavu, katika Jimbo la Kivu ya Kusini.

Huenda msomaji akauliza kwa nini somo hili lipewe nafasi katika kurasa za taaluma za Kiswahili. Jibu la kwanza linahusu mtandao. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikata intaneti nchini kote, na haikurudishwa ila baada ya siku 20 hivi. Katika muda huo, kila aliyezoea kutafuta maelezo mtandaoni alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa na maelezo ndani ya mashine yake aliendelea na kazi. Jibu la pili linahusu lugha: msaada unaosomwa kwa shida kwa sababu ya lugha yake si msaada kamili, na lugha ya maelezo hayo ni kazi ya wanaisimu.

2.0 Maana ya matini yenye viungo

Matini yenye viungo, au hipateksti, ni maandishi ambayo baadhi ya maneno yake humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye sehemu nyingine ya maandishi. Vannevar Bush alieleza wazo linalokaribiana na hilo mwaka 1945, na mwaka 1965 Ted Nelson akalipa jina linalotumika hadi leo. Hata hivyo, mzizi wa wazo si mgeni kwa wasomaji wa kamusi. Kamusi inapoandika "taz." mbele ya neno, inamtuma msomaji kwingine. Tofauti ni kwamba katika kitabu msomaji hufunua kurasa kwa mkono wake, ilhali katika kompyuta hubonyeza kitufe tu.

Faili za msaada zilikuwa miongoni mwa matini za kwanza kunufaika na mpango huu. Mtumiaji wa mashine hasomi msaada kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Huingia na swali moja, akapata jibu, akatoka. Kwa hiyo msaada bora ni ule uliogawanywa katika vipande vifupi, kila kipande kikiwa na jina lake na viungo vya kukiunganisha na jirani zake.

3.0 Programu zenyewe

Programu za aina hii huonyesha herufi bila picha. Skrini ya kawaida ya maandishi ina safu 80 na mistari 25, yaani nafasi 2,000 za herufi. Kwa kuwa kazi yake ni nyepesi, programu hizo hufanya kazi hata katika mashine kuukuu zilizokwisha kushindwa na mifumo mipya.

Mfano wa awali ni amri ya HELP katika MS-DOS 6 ya mwaka 1993, iliyomwezesha mtumiaji kuruka kutoka maelezo ya amri moja hadi nyingine kwa viungo. FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, nao ulipata programu ya msaada inayosoma faili za HTML katika skrini ya maandishi. Katika mifumo ya jamii ya Unix kuna Info, kisomaji cha miongozo ya mradi wa GNU. Kuna pia Lynx, kivinjari kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mwaka 1992, na ambacho matoleo yake yameendelea kutolewa hadi miaka ya 2020. Makala haya yanatilia mkazo Lynx, kwani inapatikana katika mifumo mingi na inasoma faili yoyote ya HTML iliyomo ndani ya mashine bila kuhitaji mtandao.

4.0 Matumizi

Ili kufungua faili, mtumiaji huandika jina la programu na jina la faili, kwa mfano:

lynx msaada.html

Ukurasa ukishatokea, mshale wa chini humpeleka kwenye kiungo kinachofuata na mshale wa juu humrudisha kwenye kilichotangulia. Mshale wa kulia hufungua kiungo kilichochaguliwa, na mshale wa kushoto humrudisha alikotoka. Kitufe kirefu cha nafasi huleta skrini inayofuata, na herufi b hurudisha iliyopita. Alama ya mkwaju (/) huanzisha utafutaji wa neno, na herufi n hutafuta mahali pengine neno hilo linapotokea. Herufi q hufunga programu.

Inafaa kulinganisha mpango huu na ule wa Info. Humo, n humpeleka msomaji kwenye kipande kinachofuata, p kwenye kilichotangulia, u kwenye kipande cha juu katika mpangilio, na l kwenye kile alichokisoma mwisho. Herufi hizo ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kivu aliyesomeshwa kwa Kifaransa atabahatika kuikumbuka p, kwa sababu neno la Kifaransa lenye maana hiyo huanza kwa herufi hiyohiyo, lakini n na u atalazimika kuzikariri bila kuona sababu. Mishale ya Lynx haina lugha. Katika mafunzo ya wanaoanza, tofauti hiyo si ndogo.

Mtumiaji anayetaka kuchapa msaada au kuunakili atumie amri ifuatayo:

lynx -dump msaada.html > msaada.txt

Matokeo yake ni faili ya maandishi matupu, viungo vyote vikiwa vimepewa namba na kuorodheshwa mwishoni.

Kuna mipaka mitatu ya kuzingatia. Kwanza, Lynx haitekelezi JavaScript. Ukurasa uliojengwa juu yake huweza kuonekana mtupu. Pili, msaada wa Windows wa aina ya CHM, uliotolewa mwaka 1997, ni kurasa za HTML zilizobanwa katika faili moja. Sharti zifumuliwe kwanza, kwa mfano kwa programu ya 7-Zip, ndipo Lynx izisome. Tatu, katika mashine nyingine kitufe h cha Lynx, ambacho huita msaada wa programu yenyewe, hutafuta ukurasa ulioko mtandaoni. Ni vema mtumiaji ahakikishe mapema kwamba msaada huo umehifadhiwa ndani ya mashine, asije akagundua kasoro hiyo siku ambayo mtandao haupo.

5.0 Suala la herufi

Kompyuta huhifadhi herufi kwa namba, na mifumo ya namba hizo haifanani. Herufi é ni namba 233 katika mpango wa Latin-1, lakini katika ukurasa wa herufi 850 wa DOS namba hiyo ni Ú. Katika UTF-8, é huhifadhiwa kwa baiti mbili, na mashine inayozisoma kwa Latin-1 huonyesha alama mbili zisizo na maana. Ndiyo sababu msaada wa Kifaransa huonekana umeharibika katika baadhi ya skrini. Katika Lynx, kitufe o hufungua ukurasa wa hiari ambapo mpango wa herufi huweza kurekebishwa.

Kiswahili hakina tatizo hilo. Herufi zake zote, pamoja na ng' yenye kipashi chake, zimo katika seti ndogo kabisa ya ASCII. Maandishi ya Kiswahili husomeka sawasawa katika mashine ya mwaka 1985 na ya leo. Kinyume chake, Kilega, lugha ya wenyeji wa Mwenga, ni lugha ya toni. Mtafiti anayeziandika toni hizo kwa alama juu ya irabu sharti achague UTF-8 tangu mwanzo na kuijaribu katika mashine itakayotumika.

6.0 Mfano: faharasa ya machimbo

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekusanya msamiati wa wachimbaji wa Kamituga. Huko, wanawake wanaoponda mawe yenye dhahabu huitwa twangaises. Neno hilo lina mzizi wa Kiswahili -twanga, uliovikwa kiambishi tamati cha Kifaransa cha kutajia watu wa kike. Msimamizi wa shimo naye huitwa PDG, kifupisho ambacho katika Kifaransa ni cha mkurugenzi mkuu wa kampuni. Maneno hayo yanabeba historia ya mji mzima: kazi ya kinu na mchi iliyohamia kwenye mawe, na cheo cha kampuni kilichobaki kwa mchimbaji mdogo.

Katika karatasi, mwanafunzi huyo angepanga maneno kwa alfabeti, na uhusiano wake ungepotea. Katika HTML, ukurasa wa twanga unaweza kuwa na viungo vya kinu, mchi na twangaise. Ukurasa wa twangaise ukarudisha msomaji kwenye mzizi na pia kumpeleka kwenye maelezo ya kazi yenyewe. Kila ukurasa ukijaza skrini moja, hauzidi baiti 2,000 za matini. Disketi ya zamani ya megabaiti 1.44 ingebeba kurasa kama hizo zipatazo 700. Faharasa hiyo inaweza kusafirishwa mfukoni kutoka Kamituga hadi Bukavu hata wakati wa mvua barabara ikiwa mbovu, na kusomwa katika mashine yoyote itakayopatikana.

Utafutaji nao unahitaji ujuzi wa mofolojia. Lynx hutafuta mfuatano wa herufi katika ukurasa uliofunguliwa tu, ilhali amri ya s katika Info hupita vipande vyote vya faili. Anayetafuta "kutwanga" hatapata "wanatwanga". Anayetafuta "twanga" atapata yote mawili, lakini ataikosa "hutwangia" na "hutwangwa". Anayetafuta "twang" atayapata yote. Kanuni ni kutafuta kwa mzizi usio na irabu ya mwisho. Programu yenye kuchanganua mofolojia, kama SWATWOL iliyotungwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huweza kufanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Lakini asiye nayo atafika mbali kwa kuufahamu muundo wa kitenzi.

7.0 Lugha ya msaada

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Huko Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili mwezi Desemba 2004. Ilidhihirika kwamba lugha hii inaweza kubeba programu nzima. Linalobaki ni swali la Kiswahili kipi kitumike, na kwa msomaji yupi.

Mwongozo ulioandikwa Dar es Salaam utasema "bonyeza" na "faili". Msemaji wa Kivu huweza kusema "finya", akaliita faili kwa jina la Kifaransa. Hata "fungua" kwake huweza kuwa "fungula". Kompyuta yenyewe imewahi kupendekezewa majina ya ngamizi na tarakilishi, ilhali wengi wa Kivu hulitumia neno la Kifaransa. Kuandika msaada kwa lahaja ya mji mmoja kungewafungia wengine mlango. Kuandika kwa usanifu usioelezwa nako kungemfanya mwanafunzi wa Kamituga mgeni katika lugha yake mwenyewe.

Hapa ndipo kiungo kinapotoa suluhisho ambalo kitabu hakiliwezi kwa wepesi. Matini kuu iandikwe kwa Kiswahili Sanifu, na kila istilahi inapotokea kwa mara ya kwanza iwe kiungo cha ukurasa mfupi unaotaja maneno yanayotumika Bukavu, Kamituga na kwingineko. Anayelijua neno hupita. Asiyelijua hufungua, akasoma, akarudi kwa mshale wa kushoto.

Mwandishi azingatie pia kwamba katika skrini ya maandishi msomaji huruka kutoka kiungo hadi kiungo. Kiungo kilichoandikwa "hapa" hakimwambii lolote; kiungo kilichoandikwa "namna ya kuhifadhi faili" kinajieleza. Kanuni hiyo ni muhimu zaidi kwa wasioona, ambao hutumia Lynx pamoja na programu za kusoma kwa sauti au kwa nukta nundu, na ambao hawana picha ya kuwaongoza.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba programu ya maandishi si masalio ya zamani tu. Kwa mahali ambapo umeme hukatika, mashine ni kuukuu na mtandao waweza kuzimwa kwa amri, ni njia ya kuhifadhi maarifa karibu na mwenye kuyahitaji. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili kimejaliwa kuandikwa bila alama za ziada, na kwamba mofolojia yake humpa mtafutaji mwenye ujuzi mbinu ya pekee.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili inaweza kuanza na kurasa chache za HTML: istilahi 50, maelezo mafupi, na viungo vilivyopewa majina yenye maana. Wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu msamiati wa migodi, soko au mashamba wakizihifadhi data zao kwa mpango huo, kila tasnifu itaweza kuunganishwa na nyingine, na maneno ya Kamituga hayatabaki yamefungiwa katika kabati moja la Bukavu.