Geuza kopo kwanza: Maneno ya kukwepa kwenye lebo ya losheni

Mbele ya kopo unauziwa ndoto: ngozi laini, rangi moja, weupe ndani ya siku 7. Ukweli uko nyuma, kwa herufi ndogo.

Mpangilio una maana

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ndiyo maana losheni nyingi huanza na 'Aqua', yaani maji. Kama mbele wameandika aloevera kwa herufi kubwa, halafu nyuma iko mwishoni kabisa, jua imewekwa kidogo mno.

Ukiona haya, rudisha kopo

• Zebaki: huandikwa 'mercury', 'mercuric iodide', 'ammoniated mercury' au 'calomel'. Hung'arisha kwa kuzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo. Kwa mjamzito, inaweza kumfikia mtoto tumboni.

• Haidrokwinoni: kwenye lebo ni 'hydroquinone'. Ukiipaka muda mrefu bila daktari, inaweza kukuachia mabaka meusi kuliko yale uliyotaka kuyaondoa.

• Clobetasol: hii ni dawa ya steroidi ya kuandikiwa na daktari, si ya urembo. Ikizoeleka, ngozi huwa nyembamba, hutoa michirizi na chunusi.

Tanzania, ambako vipodozi husimamiwa na TBS tangu 2019, hairuhusu zebaki wala haidrokwinoni kwenye vipodozi.

Na kama hawajaandika?

Wapo wanaoficha. Soma maelekezo: ukiambiwa krimu isiguse dhahabu, fedha au aluminiamu, shtuka. Zebaki huungana na madini hayo, hivyo onyo hilo linaweza kuwa dalili kwamba imo.

Kopo lisilo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya kuisha muda, liache dukani. Mkorogo wa kupimiwa ndiyo kabisa, hauna hata lebo ya kusoma.

Umeshapaka?

Nenda hospitali na kopo lenyewe ili daktari aone ulichotumia. Kama ina steroidi na umeizoea, mwambie muda uliotumia, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuiwasha ngozi vibaya.

Na usiseme ni ngozi yako peke yako. Zebaki hubaki mikononi, kwenye taulo na mashuka, hivyo humfikia hata mtoto unayelala naye kitanda kimoja.