Gari la Mama Linamisi: Namba Inakuonyesha Nyumba, Haikutajii Mwizi

Wasikilizaji wetu, kwenye kipindi cha magari ya wazazi wengi mliuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: gari la zamani, taa ya injini inawaka, gereji wanabadilisha kitu, linakaa sawa mwezi mmoja, halafu linarudia. Tufanye nini? Tuliahidi kuandika, kwa hiyo leo tunaliingia boneti wazi.

Kwanza neno. Wengi wetu tuliozaliwa huku tuna Kiswahili cha salamu, cha chakula na cha misiba. Kiswahili cha injini hatukupewa. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia injini inatetemeka na kukata nguvu, atasema gari "inamisi". Maana yake ni kwamba silinda moja imekosa kuchoma mafuta kwa wakati wake. Injini ya silinda nne ni kama watu wanne wanaosukuma mkokoteni: mmoja akiacha, mkokoteni unaenda, ila kwa kushtuka-shtuka.

Ili silinda iwake inahitaji vitu vitatu: cheche, mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, na mgandamizo, ambao mafundi wanauita kompresheni. Cheche inatoka kwenye plagi, na plagi inapewa umeme na koili. Petroli inapulizwa na nozeli. Kompresheni inategemea pistoni, ringi, valvu na gasketi ya silinda hedi. Kila kinachofanya gari limisi kimo kwenye vitu hivyo vitatu, au kwenye nyaya na kompyuta inayoviongoza.

Sasa, gari la mama. Ni dogo, la petroli, la mwaka 2006. Mama anaishi Plumstead na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Anaanza saa kumi na mbili asubuhi, nyumba baada ya nyumba, na kati ya nyumba hizo kuna kilima cha Shooters Hill. Bila gari, nusu ya wazee wake hawafikii, na asipowafikia halipwi. Tena tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ limefunika London yote. Magari mengi ya petroli yaliyosajiliwa kuanzia 2006 yanakubalika, na la kwake ni mojawapo. Akiliuza na kununua la bei rahisi lisilokidhi, ni pauni 12.50 kila siku anayoendesha. Siku sita kwa wiki, pauni 75. Kwa hiyo gereji waliposema "injini imechoka, tafuta gari jingine", hilo halikuwa jambo dogo.

Gereji hiyo sitaitaja. Walikuwa wamebadilisha koili ya silinda ya tatu mara mbili. Ya kwanza ilidumu wiki tano, ya pili wiki sita. Na MOT ilikuwa inakaribia. Gari la petroli lililoanza kutumika kuanzia Julai 2003 likifika MOT na taa ya injini inawaka, limeanguka.

Nikampigia mjomba Dar. Mjomba amefanya kazi Gerezani, pale Kariakoo, miaka mingi kuliko umri wangu. Baada ya shikamoo na marahaba, nikaanza kumweleza kuhusu kompyuta na namba ya kosa. Akanikatiza.

"Subiri kwanza, mjomba. Inamisi ikiwa ya baridi au ikishapata moto?"

(Ndiyo, na yeye ananiita mjomba. Ndivyo inavyokwenda kwetu.)

"Ikishapata moto."

"Imesimama, au ukikanyaga mafuta?"

"Ikipanda kilima. Na siku za mvua ni mbaya zaidi."

"Maji ya rejeta yanapungua? Moshi mweupe?"

"Hapana."

"Basi injini haijafa. Usiuze gari."

Maswali hayo ni kipimo cha kwanza. Gari likimisi zaidi likiwa limesimama na kutulia ukikanyaga mafuta, shuku hewa inayovuja kuingia kwenye injini, kwa mfano kwenye mpira uliopasuka. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata tundu dogo linaharibu mchanganyiko. Likimisi asubuhi tu, halafu maji yanapungua bila kuona yanapovuja, shuku gasketi ya silinda hedi. Likimisi kwenye kilima, shuku cheche. Ukikanyaga mafuta, hewa inayogandamizwa ndani ya silinda ni nyingi zaidi, na cheche inahitaji umeme mkali zaidi kuruka. Koili dhaifu inashindwa hapo, au umeme unatafuta njia ya mkato kupitia mpira uliochakaa. Unyevu wa mvua unaurahisishia kazi.

Halafu ndiyo tukaja kwenye namba. Magari ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia 2001 yana soketi ya kusomea kompyuta, mara nyingi chini ya usukani. Kifaa cha kusomea kinachounganishwa na simu kinapatikana kwa chini ya pauni 30. Namba P0300 inasema gari linamisi bila kutaja silinda moja. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Kompyuta haioni cheche. Inachopima ni mzunguko wa krenki: kila silinda ikiwaka krenki inapata msukumo, na msukumo mmoja ukikosekana inapunguza kasi kidogo sana. Ndiyo maana namba inakuonyesha nyumba iliyoibiwa, haikutajii mwizi. La mama lilisoma P0303.

Gereji walisoma hiyo hiyo, wakaweka koili, wakafunga boneti. Mjomba alitaka ushahidi. "Hamisha kitu kimoja tu," akasema. "Kimoja. Ukihamisha viwili hujui nani kasema." Basi injini ikiwa imepoa na ufunguo umetolewa (usichezee koili injini inapowaka, umeme wake ni volti 20,000 na zaidi), nikabadilishana koili: ya tatu ikaenda ya kwanza, ya kwanza ikaenda ya tatu. Plagi sikuzigusa. Nikafuta namba, nikapanda Shooters Hill. Taa ikawaka. P0301.

Kosa limehama na koili, kwa hiyo koili imekufa kweli. Kama namba ingebaki P0303, hatua ingefuata ya kuhamisha plagi, halafu kukagua nozeli, halafu kupima kompresheni. Mpangilio huo unaanzia kwenye kitu rahisi kufungua kwenda kwenye kitu cha gharama.

Hapo mtu angenunua koili ya tatu. Mjomba akauliza swali ambalo gereji hawakuuliza: "Na hiyo mpya, nani kaiua?"

Nikatoa plagi ya silinda ya tatu, nikampigia picha. Plagi ni kama ulimi kwa daktari. Ncha yenye masizi makavu meusi inaonyesha petroli imezidi. Iliyolowa petroli inaonyesha haikuwaka. Nyeupe iliyobabuka inaonyesha joto kali au mafuta kidogo. Yenye oili kwenye ncha inaonyesha oili inaingia ndani ya silinda, na hiyo ni habari mbaya. Ya kwetu ncha ilikuwa kavu, ya rangi ya kahawia hafifu. Oili ilikuwa juu, kwa nje, kwenye sehemu nyeupe ya kaure. Nikamulika tochi kwenye tundu la plagi: oili imetuama kama chai chini ya kikombe.

Mjomba akacheka. "Tapeti kava hiyo." Yaani kile kifuniko cha juu cha injini. Gasketi yake na ringi za mpira zinazozunguka matundu ya plagi zilikuwa zimekauka kwa umri, oili ikawa inapenya hadi kwenye mpira wa koili. Mpira ukiloweshwa oili moto kila siku unalainika na kupasuka, umeme unapotea pembeni, koili inaungua. Akaniambia nipime na nafasi ya ncha ya plagi. Kitabu cha gari kilisema milimita 1.1, na zile zilikuwa zimelika kupita hapo. Nafasi ikipanuka, koili inalazimika kufanya kazi zaidi. Koili mpya ilikuwa inawekwa kwenye nyumba ile ile yenye dari linalovuja.

Tukabadilisha gasketi na ringi zake, plagi zote nne, na koili moja. Gasketi na plagi kwa pamoja zilikuwa bei ndogo kuliko koili mbili mama alizokwisha lipia. Huu ni mwezi wa nne. Mama anapanda Shooters Hill mara mbili kwa siku, na MOT imepita.

Onyo moja kabla hatujamaliza. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kupima. Ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama usimame. Petroli isiyowaka inatoka kwenye silinda na kwenda kuungua kwenye masega, lile kopo la kusafisha moshi. Wana-London tunajua bei ya masega: kuna wezi wanaoyakata usiku.

Ukiwa na mjomba, baba au fundi yeyote anayeelewa, usimpigie kumwambia tu "gari mbovu". Mwambie linamisi lini: la baridi au la moto, limesimama au linapanda, mvua au jua. Maji na oili vinapungua? Namba ni ipi, na ilikuwa hiyo hiyo mara ya mwisho? Nini kimeshabadilishwa, na kilidumu wiki ngapi? Mrekodie na sauti ya injini.

Mjomba sasa ananitumia picha za plagi kila Jumapili na kunitaka niseme mgonjwa ana nini. Tumemwomba aje kipindini mwezi ujao. Amekubali, kwa sharti kwamba maswali yawe ya Kiswahili. Tuma lako mapema.