Samaki Mkunje Angali Mbichi: Mamlaka ya Kocha na Ustawi wa Msichana katika Michezo ya Ngazi ya Juu

Utangulizi

Methali "Samaki mkunje angali mbichi" ni miongoni mwa methali zinazofahamika mno nchini Kenya. Husikika pwani kwenye wavuvi, na husikika vilevile bara, katika mitaa ya Majengo iliyoko Nyeri, Nanyuki, Meru na Embu, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya madrasa kwa vizazi kadhaa. Mzazi huitumia kuhalalisha nidhamu, mwalimu huitumia kuhalalisha adhabu, na kocha huitumia kuhalalisha mazoezi makali ya mtoto. Matumizi haya ya tatu ndiyo yanayoshughulikiwa hapa. Makala haya yanaeleza jinsi mamlaka ya kocha yanavyojengeka juu ya maisha ya msichana anayelelewa ili awe bingwa, kwa kurejelea jimnastiki ya wanawake ulimwenguni na riadha ya wanawake nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba hatari haitokani na ugumu wa mazoezi peke yake, bali na kukusanywa kwa mahitaji yote ya mwanamichezo katika mkono mmoja.

Jimnastiki na imani ya utoto

Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, Nadia Comăneci wa Romania, akiwa na umri wa miaka 14, alipewa alama 10 kamili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jimnastiki ya Olimpiki. Ushindi huo uliisadikisha dunia kwamba bingwa wa mchezo huu sharti awe mtoto. Imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli: mwili mfupi na mwepesi huzunguka hewani kwa urahisi kuliko mwili mrefu na mzito. Kocha aliyetaka medali alimtafuta msichana kabla hajavunja ungo, na baadaye akajitahidi kuchelewesha mabadiliko ambayo maumbile yenyewe huyaleta.

Gharama yake sasa inajulikana. Mwili unaofanya kazi nyingi bila chakula cha kutosha huanza kujinyima: hedhi hukoma, mifupa hudhoofika, majeraha hukawia kupona na moyo huingiwa na huzuni. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko maalumu kuhusu upungufu huo wa nishati kwa wanamichezo. Kabla ya hapo, mwaka 1997, umri wa chini wa kushiriki mashindano makuu ya wakubwa ya jimnastiki ya wanawake ulikuwa umepandishwa hadi miaka 16. Comăneci wa mwaka 1976 asingeruhusiwa leo.

Imani yenyewe nayo imekanushwa na wanawake wenyewe. Oksana Chusovitina alishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1992, na mwaka 2021 akaruka tena Tokyo akiwa na umri wa miaka 46. Simone Biles wa Marekani alishinda dhahabu tatu mjini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27. Kwa hiyo utoto haukuwa sharti la mchezo. Ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, sharti la kocha, kwa kuwa mtoto hahoji.

Jinsi mamlaka yanavyojengeka

Mamlaka ya kocha huanza na ujuzi. Yeye ndiye ajuaye jinsi ya kuruka na kutua, nao wazazi hawajui. Juu ya ujuzi huongezwa uteuzi: yeye ndiye aamuaye nani atasafiri na nani atabaki. Kisha huja chakula, mizani ya uzito, saa za kulala na hata ruhusa ya kuzungumza na wazazi. Kila tabaka likitazamwa peke yake huonekana la busara. Yakirundikana, msichana hujikuta hana mlango wa kutokea.

Mfano dhahiri ni kambi ya taifa ya jimnastiki ya Marekani iliyokuwa katika shamba la familia ya Károlyi, Texas, ambako wazazi hawakuruhusiwa kuingia. Ni katika mazingira ya aina hiyo daktari wa timu, Larry Nassar, aliweza kuwadhulumu wasichana kingono kwa miaka mingi. Alipohukumiwa mwezi Januari 2018, zaidi ya wanawake na wasichana 150 walitoa ushuhuda. Nassar hakuwa kocha. Hata hivyo, alinufaika na ukimya uliokuwa umejengwa na makocha, kwani aliyezoea kunyamaza akiumia mguu hunyamaza pia akiumizwa vinginevyo. Nchini Uingereza, uchunguzi ulioongozwa na wakili Anne Whyte na kuchapishwa mwaka 2022 ulipokea maelezo zaidi ya 400, na zaidi ya nusu yalitaja unyanyasaji wa kihisia.

Hapa inafaa kumlinganisha kocha na kungwi wa jadi ya Waswahili. Kungwi naye hukabidhiwa msichana, humfunda faraghani na humfundisha kuutawala mwili wake. Lakini kungwi huteuliwa na familia, ni mwanamke anayefahamika mtaani, na akimaliza kazi humrudisha mwari kwa mamaye mbele ya watu. Faragha yake ina mwanzo na mwisho, na ina wa kuulizwa. Faragha ya kambi ya michezo mara nyingi haina.

Mfano wa Nyeri

Eneo la Mlima Kenya halijulikani kwa jimnastiki. Linajulikana kwa mbio, na mfano wake mkubwa kwa upande wa wanawake ni Catherine Ndereba, aliyezaliwa mwaka 1972 na kukulia Gatunganga, Nyeri. Mwaka 1994 aliajiriwa na Idara ya Magereza ya Kenya kama mwanariadha. Mwaka 1997 alijifungua mtoto. Ni baada ya uzazi huo ndipo umaarufu wake mkubwa ulipoanza: alishinda Boston Marathon mara nne (2000, 2001, 2004 na 2005), akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47 mjini Chicago mwaka 2001, akawa bingwa wa dunia mwaka 2003 na 2007, na akapata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2004 na 2008. Medali ya mwisho aliipata akiwa na miaka 36.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, samaki huyu hakuivia utotoni: umri, ndoa na uzazi havikumvunja. Ni kweli kwamba marathoni huwafaa watu wazima kuliko jimnastiki, lakini mifano ya Chusovitina na Biles inaonyesha kwamba tofauti hiyo imetiwa chumvi. Pili, alikuwa na ajira. Mshahara wa mtumishi wa Magereza hautoki mfukoni mwa kocha, na mwanamichezo mwenye mshahara wake anaweza kumwacha kocha asiyemfaa bila kulala njaa.

Mkono mmoja

Si wote waliojaliwa hivyo. Katika riadha ya Kenya si jambo geni mwanamume mmoja kuwa kocha, meneja, mume na mshika fedha wa mkimbiaji. Mwezi Septemba 2021 Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyeishi Trans Nzoia, alifariki baada ya kuchomwa moto, wiki chache tu baada ya kushiriki marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Ripoti zilitaja ugomvi wa ardhi kati yake na mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake. Wakimbiaji wenzake Tirop waliunda shirika la Tirop's Angels ili mwenye kuteswa apate pa kusemea.

Visa hivi havifanani na vya Texas kwa kila hali. Vinachoshiriki ni muundo: mwanamke anatoa jasho, na funguo za mali, nyumba na safari ziko kwa mwingine.

Kukunja na kukunjua

Turudi kwenye methali. Samaki hukunjwa kabla hajakauka kwa sababu akikauka huvunjika. Fumbo hilo ni zuri, ila lina mpaka wake: samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hana maumivu ya kueleza wala kesho ya kuchagua. Anayeitumia methali hii kwa mtoto akasahau tofauti hiyo ameitumia nusu.

Isitoshe, Kiswahili kina kauli ya kutendua. Kutokana na "kunja" hupatikana "kunjua", na kutokana na "kunjua" hupatikana "mkunjufu". Malezi kamili ya mwanamichezo yanahitaji vitenzi vyote viwili. Mwaka 1996, Kerri Strug wa Marekani aliruka huku kifundo cha mguu kimeumia, na dunia ikashangilia, ingawa hesabu za alama zilionyesha baadaye kwamba timu yake ingeshinda hata bila mruko huo. Mwaka 2021, Biles alijiondoa katika fainali ya timu mjini Tokyo baada ya kupoteza hisia ya mahali mwili wake ulipo akiwa hewani, na makocha wake wakaukubali uamuzi huo. Miaka mitatu baadaye alirudi na kushinda. Kukunjuliwa hakukumharibu.

Hitimisho

Sheria za Kenya tayari zinatoa msingi. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila aina, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inafafanua wajibu huo. Lakini sheria haifiki uwanjani yenyewe. Mzazi wa Majengo anayemkabidhi kocha bintiye ana haki ya kuuliza: Je, naweza kuja mazoezini bila taarifa? Mtoto akiumia, nani ataamua apumzike, kocha au daktari? Fedha za ushindi zitaingia akaunti ya nani? Akitaka kulalamika, atamwendea nani asiyekuwa kocha mwenyewe? Kocha mwema atayajibu maswali haya bila kuudhika. Anayeudhika amekwisha kuyajibu.