Kuyafungua Maneno Makubwa ya Kiingereza

Leo nazungumza na wanafunzi walioingia kidato cha kwanza, na wazazi wao pia.

Mtoto wa Mvumi husema Kigogo nyumbani, na katika shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Afikapo sekondari hukuta jiografia na hesabu zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye akili njema aweza kushindwa mtihani, si kwa kutojua jambo aliloulizwa, bali kwa kutojua neno lililouliza. Wengi hukariri orodha ndefu za maneno, na baada ya juma moja wamekwisha kuzisahau.

Iko njia bora. Itazame lugha yetu: katika shina la soma twapata somo, msomaji, somesha na someka. Ajuaye shina na viungo vyake huyafahamu yote. Kiingereza nacho kina maneno mengi ya namna hiyo, hasa yale yaliyotoka katika Kilatini.

Mwaka 1871 msafara wa Stanley ulipita Mvumi ukimtafuta Livingstone, na mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi. Mpagazi kwa Kiingereza ni "porter", na shina lake katika Kilatini maana yake ni kuchukua. Tangulia kuweka "ex", yaani nje: "export" ni kupeleka bidhaa nchi za nje. Weka "im", yaani ndani: "import" ni kuziingiza nchini. Weka "trans", yaani kuvuka: "transport" ni kusafirisha. Weka "re", yaani kurudi: "report" ni kurudisha habari. Mwishoni weka "able": "portable" ni kinachochukulika. Shina moja limezaa maneno sita.

Lakini jihadhari. "Important" ni la ukoo huohuo, nalo halina mzigo tena. Maana yake ni muhimu. Basi ukiisha kukisia, fungua kamusi, kisha usome tena sentensi yote.

Kila shina ulipe ukurasa wake katika daftari. Andika jamaa zake, na kwa kila neno utunge sentensi juu ya mambo ya kwenu: mtama, karanga, zabibu, ng'ombe.

Nanyi wazazi msiojua Kiingereza, msaada wenu ni mkubwa. Jioni mwambieni mtoto awaeleze neno moja kwa Kigogo au Kiswahili. Akishindwa kulieleza, bado hajalijua. Na arudi daftarini.