Cormac mac Cuilennáin, Mfalme na Askofu wa Cashel

Kusini mwa Ayalandi, katika nchi iitwayo Munster, liko jabali lililosimama peke yake uwandani. Jina lake Cashel. Kwa karne nyingi jabali hilo lilikuwa kiti cha ukoo wa Eóganachta, yaani watu waliojihesabu kuwa uzao wa babu mmoja aitwaye Eógan. Hapo alitawala, tangu mwaka 902 hata 908, mtu ambaye habari zake zawafaa hasa wale washughulikao na maneno: Cormac mac Cuilennáin, aliyekuwa mfalme naye ni askofu.

Kwanza tufahamu maana ya ufalme katika nchi ile. Kila kikundi cha watu, kilichoitwa túath, kilikuwa na mfalme wake. Juu ya wafalme hao alikuwako mkubwa wao, aliyewashika kwa kuchukua watu wao kuwa rehani. Na juu ya wakubwa hao alikuwako mfalme wa jimbo zima, kama huyu wa Cashel. Sheria ilikuwa mikononi mwa waamuzi waliojifunza miaka mingi, wala mfalme hakuigeuza apendavyo. Tena mtoto wa kwanza hakurithi kwa kuwa ni wa kwanza; alichaguliwa mtu afaaye katika jamaa. Na kwa kuwa Eóganachta walikuwa na milango mingi, ya Cashel, ya Áine, ya Glendamnach na mingineyo, kiti kilihama toka mlango huu hata huu, na fitina haikukosekana. Cormac mwenyewe hakutoka katika tawi lililotawala siku za karibu. Nadhani ndiyo sababu wengi waliweza kumkubali.

Jina lake limedumu kwa ajili ya kitabu kuliko kwa ajili ya kiti. Kamusi iitwayo Sanas Cormaic, ambayo kwa mapokeo huhesabiwa kazi yake, yaeleza maneno zaidi ya 1,000 ya Kigaeli, nayo ni mojawapo ya kamusi za kale kabisa za lugha ya wenyeji katika Ulaya. Njia yake ni kulikata neno vipande, kisha kutafuta maana ya kila kipande, kwa Kigaeli, au Kilatini, au Kiyunani, au Kiebrania. Hivyo jina Cashel lafasiriwa kuwa cís, ushuru, na ail, jabali: jabali la ushuru. Sisi twajua kwamba neno hilo latoka katika Kilatini castellum, yaani ngome ndogo. Lakini msomaji asifanye haraka kucheka. Aliyefasiri hivyo ametuonyesha jinsi watu wa siku zake walivyolitazama jabali lile, mahali pa kupokea ushuru.

Hata hadithi zimo. Katika nchi ya Britania, yasemwa, ilikatazwa kumpa mtu wa Ayalandi kijibwa cha nyumbani. Coirpre Músc alipaka mafuta mpini wa kisu chake, uliopambwa dhahabu na fedha, akauweka karibu na kijibwa cha rafiki yake. Kikautafuna usiku kucha. Coirpre akadai haki: kwa sheria ya huko, mkosaji hutolewa kwa kosa lake. Akapewa kijibwa, kikaitwa Mug Éime, yaani mtumwa wa mpini. Kwa kueleza jina moja, kamusi imetuhifadhia desturi ya sheria.

Vita ndivyo vilivyomwangusha. Mwaka 907 alimshinda Flann Sinna, mfalme wa Tara, wa ukoo wa Uí Néill. Mwaka uliofuata alikwenda kupigana na watu wa Leinster. Masimulizi ya zamani yasema kwamba hao waliomba amani na kutoa watu wa rehani, Cormac akaelekea kukubali, bali Flaithbertach mac Inmainén, abate wa Inis Cathaig, akamkemea na kumwita mwoga. Yawezekana, lakini masimulizi hayo yampenda mno Cormac, nayo yapata faida kumtwika mwingine lawama. Aliyetoa amri ya kwenda alikuwa mfalme. Huko Belach Mugna, mwaka 908, jeshi la Munster lilivunjwa na Flann pamoja na wafalme wa Leinster na Connacht, na kichwa cha Cormac kikakatwa. Flaithbertach akapona, na mwaka 914 yeye mwenyewe akawa mfalme wa Cashel.

Nguvu ya Eóganachta haikurudi kama zamani. Katika karne hiyo hiyo Dál Cais, watu wa Brian Boru, waliwanyang'anya Cashel, na mwaka 1101 mjukuu wa mwana wa Brian, Muirchertach Ua Briain, akalitoa jabali kwa Kanisa. Kanisa dogo lililopo juu yake, liitwalo la Cormac, si la askofu huyu, kama wengine wadhaniavyo: lilijengwa na Cormac Mac Carthaigh, wa uzao wa Eóganachta, likawekwa wakfu mwaka 1134.