Guta Letu Lilifeli Likiwa Limesimama

Mwaka wetu wa mwisho tulitengeneza guta la umeme la kubebea mizigo. Tulikuwa watano: wawili wa umeme, wawili wa mitambo, na dada mmoja wa biashara ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutukumbusha kwamba hela imeisha. Serikali ya wanafunzi ilitupa kidogo, kila mmoja akamega bumu lake, na mjomba wa mwenzetu, mwenye duka la jumla la vinywaji, akatoa nyingine kwa sharti kwamba guta la kwanza litakuwa lake. Siku tuliyolizungusha nyuma ya karakana na kreti kumi na mbili za soda mgongoni, watu walipiga picha kama wako harusini.

Wiki tatu baadaye tukamwalika mkaguzi mmoja wa magari, mstaafu, aje atuelekeze namna ya kulisajili. Hata hakuliendesha. Alilizunguka mara mbili, akachuchumaa, akachungulia sanduku la betri chini ya kiti.

"Vijana, hii ni volti ngapi?"

"Sabini na mbili, mzee."

"Ikijaa chaji je?"

"Themanini na nne."

Akasimama taratibu, akajipangusa magoti. "Mngeniita kabla hamjanunua betri, wanangu."

Makala hii inahusu sentensi hiyo moja. Naiandika kwa sababu naona vikundi vingine viwili hapa chuoni vinachomelea fremu muda huu, na nimeuliza wote swali lile lile la mzee, na wote wamenijibu kwa kunionyesha mota.

Tuanze na volti. Kanuni za Umoja wa Mataifa za usalama wa vyombo vya umeme, namba 100 kwa magari na namba 136 kwa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, zinachora mstari kwenye volti 60 za mkondo mnyoofu. Chini ya hapo, umeme wako hauhesabiwi kuwa wa volteji kubwa, na sehemu nzima ya masharti ya kumkinga mtu asipigwe shoti haikugusi. Ukivuka mstari, unaingia darasa jingine kabisa. Ukinzani wa kihami kati ya umeme wa betri na bodi usipungue omu 100 kwa kila volti. Kidole kisiweze kufika kwenye chuma chenye umeme, na hapo kuna kidole maalumu cha chuma cha kupimia, si cha kwako. Lazima iwepo alama ya radi kwenye sanduku, na nyaya za volteji kubwa zilizo nje ya kasha ziwe na ganda la rangi ya machungwa.

Zetu zilikuwa nyekundu na nyeusi, za dukani. Kifuniko cha sanduku kilifunguka kwa bisibisi ya jikoni.

Sasa sikiliza uchungu wenyewe. Tungechagua betri za fosfeti ya chuma, seli 16 mfululizo, zikijaa kabisa zinafika volti 58.4. Tungebaki chini ya mstari kwa volti moja na nusu hivi. Hatukuchagua 72 kwa hesabu yoyote. Tulichagua kwa sababu mota iliyokuwa na bei nzuri ilikuwa ya 72. Na huwezi kubadilisha kitu kimoja tu. Nguvu ileile ya kilowati 3 kwa volti 72 inataka ampea kama 42. Kwa volti 51 inataka karibu 59. Kwa hiyo waya zinanenepa, fyuzi inabadilika, kontrola haifai, mota haifai. Uamuzi wa siku moja mwezi wa kwanza ulikuwa umeshaamua kila kitu kilichofuata, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba siku ile tulikuwa tunafanya uamuzi wa kisheria.

Ili chombo kiuzwe na kusajiliwa, mtu mwenye mamlaka lazima aridhike kwamba kinatimiza masharti. Dunia ina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni idhini ya aina: unapeleka mfano wa chombo na makabrasha yake, kituo cha kiufundi kinapima, mamlaka ya nchi inatoa idhini, na baada ya hapo kila chombo unachotengeneza cha aina hiyo kinahesabiwa kimepita, ilimradi kifanane na kile kilichopimwa. Huo ndio utaratibu wa Ulaya na wa nchi zilizoingia Mkataba wa 1958 wa Umoja wa Mataifa. Ya pili ni ya Marekani: mtengenezaji anathibitisha mwenyewe kwamba ametimiza viwango vya serikali kuu, anauza, na serikali inaweza kununua gari lake sokoni na kulipima. Akibainika ameongopa, anaita magari yote yarudi.

Wapo wanaodhani njia ya Marekani ni mteremko. Si kweli. Ni kama mtihani usio na msimamizi mlangoni, lakini kamera ziko juu.

Kwetu Tanzania viwango viko TBS, usajili uko TRA, na ukitaka kubeba abiria au mizigo kibiashara unakutana na LATRA. Kenya utakutana na KEBS na NTSA. Milango ni mingi, ila swali la kwanza kila mlangoni ni moja: hiki ni chombo cha kundi gani?

Kundi ndilo linaloamua mengine yote. Kwa mpangilio wa Umoja wa Mataifa, magurudumu matatu yenye mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa yako kundi L2. Yakizidi hapo, na yamekaa kwa ulinganifu, ni L5. Ulaya wamebana zaidi: L2 yao haizidi kilomita 45 kwa saa, kilowati 4, wala kilo 270. Ukiongeza gurudumu la nne unahama tena. Ukiongeza viti vya abiria unahama. Sisi tuliandika kwenye pendekezo la mradi "kasi ya juu 55" kwa sababu ilisomeka vizuri kuliko 50. Kilomita tano za kujisifia, ambazo guta lenye kreti za soda halizihitaji hata siku moja, zingetupeleka kwenye kundi zito zaidi la vipimo.

Kwa hiyo kabla hujachora fremu, andika karatasi moja tu: chombo kitauzwa nchi gani, kitabeba nini, kasi gani, uzito gani, watu wangapi. Kutokana na hiyo unapata kundi, na kutokana na kundi unapata orodha ya masharti. Orodha ukishaipata usiiweke kwenye faili. Igawe kwa vipande vya chombo. Kila sharti lipate kipande kinacholibeba, mtu anayelijibia, namna ya kulithibitisha (kwa hesabu, kwa cheti cha muuzaji, au kwa kupima) na tarehe ya mwisho ambayo bado unaweza kubadilisha mawazo bila kulia. Hiyo safu ya mwisho ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo yenye thamani. Urefu wa taa utabadilisha leo kwa kalamu. Baada ya kuchomelea utabadilisha kwa grainda. Baada ya kutengeneza moldi ya bodi utabadilisha kwa mkopo. Kwa magari, kanuni namba 48 inataka taa ya mwanga mdogo iwe kati ya milimita 500 na 1,200 kutoka ardhini. Ni sharti jepesi mno, na ni hilohilo linalowafanya watu wavunje pua ya gari lililokwisha.

Vyeti vya wauzaji ni msaada mkubwa kwa watu maskini kama sisi. Nenda kaangalie kioo cha taa ya gari lolote lililopaki nje ya utawala. Utaona herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Maana yake kipande hicho kimeshapata idhini, na namba ni ya nchi iliyoitoa: 1 Ujerumani, 4 Uholanzi, 47 Afrika Kusini. Si lazima kiwe kimetengenezwa huko. Ukinunua taa, kioo, tairi na honi zenye alama hiyo, sehemu kubwa ya kazi imeshafanywa na mtu mwingine, umebaki na namna ya kuvifunga. Tofauti ya bei na zile zisizo na alama ilikuwa ndogo kuliko tulichotumia kwa stika.

Seli za lithiamu zina mlango wao hata kabla ya barabara. Ili zisafirishwe zinatakiwa ziwe zimepita majaribio yanayoitwa UN 38.3: kutikiswa, kugongwa, joto na baridi, kushotishwa kwa makusudi na mengine. Sisi tuliagiza za bei poa zisizo na karatasi hiyo. Mzigo ulikwama wiki saba. Dada wa biashara alitaka kuacha mradi wiki ya tano, na sikuwa na hoja ya kumzuia.

Kuna anayesema haya ni matatizo ya watoto wa karakana, kampuni kubwa wana mawakili. Basi mwangalie Porsche. Macan ya petroli ilitoka mwaka 2014 na ilikuwa inauzika vizuri. Mwaka 2024 wakaacha kuiuza kwenye Umoja wa Ulaya, kwa sababu kuanzia Julai mwaka huo kila gari jipya huko lilipaswa kutimiza kanuni namba 155 ya usalama wa mitandao ya gari. Mfumo wa umeme wa Macan ulibuniwa kabla kanuni hiyo haijazaliwa, na kuubadilisha hakukulipa. Soko likafungwa wakati injini haina hata kosa moja.

Na mwangalie Daihatsu, hawa wanatuhusu zaidi, maana Passo unayopishana nayo Mwenge, ingawa ina nembo ya Toyota, wao ndio watengenezaji. Aprili 2023 ikajulikana kwamba milango ya baadhi ya magari yao iliwekewa mkato maalumu kwa ajili ya jaribio la kugongwa ubavuni tu, mkato ambao haukuwepo kwenye magari ya kuuza. Zaidi ya magari 88,000 yalihusika. Desemba mwaka huohuo kamati huru ikatoa ripoti yenye kasoro nyingine 174 zinazogusa modeli 64, na kampuni ikasimamisha usafirishaji wa magari yake yote. Kwenye majaribio mengine mifuko ya hewa ilifyatuliwa kwa saa badala ya sensa yake.

Kilichonigusa ni sababu iliyotajwa na kamati: ratiba zilizobana kupita kiasi. Jaribio lilikuwa mwisho kabisa, tarehe ya kuzindua haisogei, na kufeli hakukuwa na nafasi kwenye kalenda. Mhandisi aliyesimama pale na mlango usiopita hakuwa mwizi alipoamka asubuhi. Mimi namwelewa kuliko ningependa. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mradi wetu, kipimo cha kihami kilitoa namba mbaya, na mmoja wetu akasema tupime tena mpaka itoke nzuri, halafu tuandike hiyo. Tulinyamaza muda mrefu sana kabla ya mtu kusema hapana.

Ndiyo maana ratiba ya maana huwa na kipimo cha majaribio ya mapema, kwenye chombo kibovu kisichopakwa rangi, wakati kufeli bado ni taarifa tu. Unapima kile unachokiogopa zaidi kwanza: kwa guta la umeme ni betri, breki, na kelele za mawimbi ya kontrola zinazoweza kuvuruga redio ya jirani. Kama una matoleo mawili, la bodi fupi na la bodi ndefu, unapanga kupima lile baya kuliko yote, zito na lenye breki zinazofanya kazi zaidi, ili idhini moja ifunike familia nzima. Na unaandika kila kipande namba yake na muuzaji wake, maana idhini ikishatoka imefungwa na vipande hivyo. Ukibadilisha pedi za breki kwa sababu Kariakoo zimeisha, unarudi kuomba idhini iongezwe.

Mtu atauliza kuhusu Makerere. Kiira EV ya viti viwili iliyoonyeshwa Kampala mwaka 2011 ilitoka kwa wanafunzi na walimu wa chuo, na ilistahili makofi yote. Lakini gari lile halikuwa bidhaa. Kampuni iliyozaliwa hapo iligeukia mabasi, Kayoola ya jua ikaonyeshwa 2016, na kiwanda kikajengwa Jinja. Miaka ya katikati haina picha nyingi.

Letu lipo bado karakana, chini ya turubai la bluu. Mota tumeuza kwa hasara, kontrola imegoma kununuliwa. Wawili wetu wameajiriwa, dada wa biashara anasoma uzamili, na mimi nakuja Jumamosi kufunga sanduku jipya la seli 16, safari hii lenye karatasi zake. Kasi tumeandika 45. Mjomba hupiga simu kila mwisho wa mwezi, anasalimia vizuri, anauliza hali ya masomo, halafu anauliza guta.

Jedwali letu la masharti, lile la pili, lenye safu ya tarehe, limebandikwa ukutani juu ya mashine ya kuchomelea. Mwombeni fundi mkuu awaruhusu kulipiga picha. Mpeni shikamoo kwanza.